Kwa Nini Fundi wa Karagwe Huanza na Plagi

Pikipiki kuukuu ikigoma kuwaka popote Karagwe au Kyerwa, kuanzia Kayanga na Ndama hadi Murongo mpakani, hatua ya kwanza ya fundi inajulikana kabla hajainama. Anavuta kofia ya plagi, anaifungua plagi kwa spana, anaitazama ncha yake, kisha anairudisha kwenye kofia, anailaza juu ya kichwa cha silinda na kupiga kiki ili aone kama inatoa moto. Hajauliza betri, hajafungua kabureta, hajagusa waya hata mmoja. Ni desturi iliyokaa sana hivi kwamba watu wengi hawaoni kuwa kuna la kuieleza. Mimi naona lipo. Desturi hii ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya vilima hivi vya magharibi ya Kagera kuliko ya viwanda vilivyounda pikipiki zenyewe. Sababu zilizoifanya iote mizizi zimeondoka karibu zote, na nyingine zikaingia mahali pake bila mtu kutangaza. Anayeichukulia kuwa mazoea tu, au dalili ya fundi asiyesoma, hajatazama mashine hizi zilipita wapi na zilinyweshwa nini.

Kwanza tuelewe plagi inasema nini. Injini ya petroli inadai mambo matatu ili iwake: mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, kompresheni ya kutosha, na moto unaoruka kwa wakati wake. Plagi ndiyo sehemu pekee inayoguswa na yote matatu na inayoweza kutolewa nje kwa spana moja. Ikitoka kavu kabisa baada ya kiki nyingi, petroli haifiki: koki imeziba, boya limekwama, au jeti ina uchafu. Ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayachomwi, na shaka inahamia kwenye moto. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli imezidi hewa. Weusi wenye utelezi ni oili inayopenya. Rangi ya kahawia iliyofifia ni ya injini iliyokuwa na afya hadi juzi, kwa hiyo ubovu ni wa ghafla, pengine waya uliokatika au swichi. Nafasi kati ya ncha mbili, ambayo kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 0.6 hadi 0.7, inapimika kwa jicho lililozoea. Na tundu likiwa wazi, kidole gumba kikiwekwa juu yake huku mtu akipiga kiki, kompresheni inajitangaza yenyewe: kidole kikisukumwa kwa nguvu, ringi na valvu bado ni nzima. Hakuna kipimo kingine kinachotoa habari nyingi kiasi hicho kwa gharama ndogo namna hiyo. Gharama ndiyo mlango wa kuingilia katika historia, kwa sababu mahali ambapo kubahatisha ni rahisi, watu hubahatisha.

Karagwe haikuwahi kuwa mahali pa namna hiyo. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa miongo mingi baada ya hapo bidhaa ya kiwandani iliyotoka bandari ya Dar es Salaam ilipanda treni hadi ziwani, ikavuka kwa meli hadi Bukoba, kisha ikapanda barabara hadi Kyaka, mahali ambapo njia ya Karagwe huachana na ile ya Mutukula, na kutoka hapo ikaendelea kwenye vumbi au tope kutegemea mwezi. Kipande cha Kyaka hadi Bugene kimewekewa lami katika kizazi hiki tu. Koili au platini iliyoagizwa ilikuwa safari ya wiki, na hapo ni pale ilipokuwepo dukani. Mara nyingi haikuwepo. Kuanzia mwaka 1974 biashara ya magari na vipuri vyake iliwekwa chini ya Shirika la Magari la serikali, na uingizaji ukafungwa na kiasi cha fedha za kigeni kilichokuwapo. Halafu ikaja vita. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, daraja la Kyaka likabomolewa, na Kampala ilipoangushwa tarehe 11 Aprili 1979 Tanzania ilibaki na deni la vita katika mwaka uleule ambao bei ya mafuta duniani ilipanda kwa mara ya pili ndani ya muongo mmoja. Miaka iliyofuata, hadi 1984, ndiyo ile ya foleni za sukari na sabuni. Uendeshaji wa magari Jumapili mchana ulipigwa marufuku ili kuokoa petroli. Katika hali hiyo, fundi aliyebadilisha kifaa ambacho hakikuwa kibovu alikuwa ametumia kitu ambacho huenda kisingepatikana tena mwaka huo. Kupima kabla ya kubadilisha kulikuwa ni sharti la kubaki na kazi.

Lakini uhaba peke yake hauelezi kwa nini jicho lilielekea plagi na si kwenye platini au kabureta. Hapo inabidi kutazama mashine zenyewe. Pikipiki za kazi za miaka ya 1970 na 1980, zile za mabwana shamba, wakaguzi wa kahawa, waganga wa zahanati na mapadri, kwa sehemu kubwa zilikuwa za Kijapani zenye injini ya mipigo miwili: Suzuki A100, Yamaha AG100, Yamaha DT na ndugu zao. Injini ya namna hii haina bwawa la oili la kulainisha piston. Oili huingia pamoja na petroli na kuungua pamoja nayo, na isiyoungua huishia kwenye plagi. Mashine hizo zilitoka kiwandani na pampu ndogo iliyopima oili kulingana na mzunguko wa injini. Pampu ilipochoka na ya kuibadilisha ikakosekana, njia iliyobaki ilikuwa kuchanganya kwa mkono ndani ya tanki, na mkono hukadiria. Ukizidisha, plagi inaziba. Ukipunguza, piston inakwama, na kwa kuwa piston iliyokwama ni hasara kubwa kuliko plagi chafu, kila mwenye akili alizidisha. Kama oili ya aina yake haikupatikana na mtu akatumia ile ya injini ya gari, masizi yaliongezeka zaidi. Kwa mashine iliyotunzwa hivyo, plagi iliyolowa oili ilikuwa jibu la swali la asubuhi mara nyingi kuliko ubovu mwingine wowote. Brashi ya waya, petroli kidogo ya kuoshea, kisha kuikausha plagi, vilitosha. Kama moto ulikuwa bado hafifu baada ya hapo, fundi alikwenda kwenye platini, akazisugua kwa msasa laini na kuziweka katika nafasi ya milimita 0.3 au 0.4. Mfumo mzima wa moto ulikuwa wa sumaku inayozungushwa na kiki, haukuhitaji betri, na karibu kila sehemu yake ingeweza kusafishwa badala ya kununuliwa. Mashine na uhaba vilifundisha jambo moja, na ndiyo maana fundisho lilishika.

Wapo wanaopenda kulipeleka fundisho hilo nyuma zaidi. Karagwe, watasema, ni nchi ya wahunzi. Watawala wake wa Bweranyange walihifadhi nyundo za chuma na sanamu za ng'ombe za chuma kuwa alama za ufalme, na wageni waliofika kwa Rumanyika, Speke na Grant mwaka 1861 na Stanley mwaka 1876, walimkuta mtawala wa nchi iliyounganishwa na misafara ya Tabora kupitia kituo cha biashara cha Kafuro. Jirani, Buhaya, utafiti wa mwanaakiolojia Peter Schmidt uliochapishwa mwaka 1978 ulionyesha ustadi wa kuyeyusha chuma wa zamani sana. Kwa nini basi fundi wa pikipiki asiwe mrithi wa mhunzi? Ninauheshimu moyo ulio nyuma ya hoja hiyo, na historia ya chuma ya Karagwe inastahili kufundishwa zaidi kuliko inavyofundishwa sasa. Hata hivyo siikubali hapa. Elimu ya mhunzi ilikuwa elimu ya moto wa mkaa, udongo na madini, iliyolindwa na koo na miiko, na majembe na vyuma vya kuagizwa viliibana kabla pikipiki hazijaenea. Elimu ya fundi pikipiki ni ya petroli, cheche na sumaku, na ilipokelewa katika karakana za serikali, za misheni na za vyama vya ushirika, kisha chini ya miti na kwenye vibaraza, kijana akishika spana za mkubwa wake hadi aaminiwe kufungua mwenyewe. Kuunganisha elimu hizo mbili bila ushahidi wa watu waliotoka moja kwenda nyingine ni kuwanyima mafundi wa karne ya 20 heshima ya kile walichokibuni wao.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zilikotoka, na uhaba ukaanza kulegea. Miaka kumi baadaye vita na mauaji ya Rwanda vilimwaga maelfu kwa maelfu ya wakimbizi Ngara na Karagwe, na mashirika ya misaada yakaja na magari, pikipiki na karakana zake, hadi wakimbizi hao waliporudishwa kwao Desemba 1996. Ila badiliko kubwa lilikuja baada ya mwaka 2000, na lilitoka China na India. Katikati ya miaka ya 1970 Honda ilikuwa imetoa CG125, injini ya mipigo minne iliyoundwa makusudi kwa nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo mizito na oili hubadilishwa kwa kuchelewa. Badala ya mnyororo wa kuzungusha kemu juu ya kichwa, wahandisi walirudi kwenye fito za kusukuma valvu, mtindo wa kale lakini mvumilivu. Viwanda vya China vikaiga muundo huo kwa mamilioni, na watoto wake wenye majina mengi ndio waliojaa barabara za Kagera pamoja na Boxer za Bajaj na TVS za India. Bodaboda, iliyoanzia mpaka wa Kenya na Uganda kwa baiskeli, ilipata miguu mipya. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, na Kyerwa ilipogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, tayari ilikuwa wilaya ya bodaboda: ndizi, kahawa, wagonjwa na wanafunzi wote juu ya kiti kimoja.

Kwa mashine hizi sababu ya zamani imekwisha. Injini ya mipigo minne haichomi oili kwa kawaida, platini zimebadilishwa na kisanduku cha CDI kilichofungwa kisichosafishika, na duka la spea lipo kila kituo kikubwa cha biashara. Desturi ya kuanza na plagi ilipaswa kufifia, nayo haikufifia. Ningekubali kuwa ni ukaidi wa mazoea kama isingekuwa kwamba plagi za Karagwe ziliendelea kutoka nyeusi, safari hii kwa masizi makavu badala ya oili. Jibu la kwanza liko hewani. Sehemu kubwa ya vilima hivi iko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na zaidi, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko Dar es Salaam. Kabureta hupima petroli kwa mvuto wa hewa inayopita, lakini haijui uzito wa hewa hiyo. Jeti iliyochaguliwa kwa ajili ya pwani inamwaga petroli nyingi kuliko hewa ya Kayanga inavyoweza kuichoma. Mtu atapinga kwamba vitabu vya baadhi ya pikipiki havidai jeti ibadilishwe chini ya mita 2,000, na kwamba mashine nyingi huwaka Karagwe kila asubuhi bila taabu. Ni kweli kwa mashine mpya. Mashine kuukuu haina ziada ya kupoteza: chujio la hewa limejaa vumbi la kiangazi, sindano ya boya imelika na kupitisha mafuta, ringi zimelegea, na dereva amevuta choki kwa sababu ya baridi ya alfajiri. Kila moja ya hizo huongeza petroli au hupunguza hewa. Asilimia 14 zikiongezwa juu yake, injini inafurika na plagi inalowa kabla ya kiki ya kumi. Ndiyo sababu dawa ya haraka ya mafundi wengi, kufunga koki, kufungua kishikizo cha mafuta mpaka mwisho na kupiga kiki bila choki, ni dawa sahihi: inaingiza hewa na kukausha silinda.

Jibu la pili liko ndani ya chupa. Vijijini petroli huuzwa kwa lita moja moja katika chupa za plastiki kando ya njia, mbali na kituo chochote chenye pampu, na kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa nafuu kuliko petroli na dizeli kwa sababu ya kodi ndogo iliyowekwa kwa nia njema ya kuwasaidia wanaowasha taa na majiko. Tofauti hiyo ya bei ilikuwa mwaliko wa kuchanganya. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi katika injini baridi. Pikipiki iliyonyweshwa mchanganyiko huo huenda ikakimbia vizuri ikishapata moto, kisha ikakataa kabisa kuwaka kesho yake asubuhi, huku plagi ikilowa kitu kinachonuka jikoni. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili uchakachuaji ugundulike, na katika bajeti ya mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili bei zikaribiane. Hatua zile ziliwaumiza maskini waliotegemea kibatari, na sidhani tunapaswa kulisahau hilo tunapozisifu. Kwa injini, hata hivyo, zilikuwa nafuu ya kweli. Fundi aliyenusa plagi kabla ya mwaka 2010 alikuwa anafanya, bila maabara, kazi ambayo taifa zima lilikuwa bado halijapata chombo cha kuifanya.

Pingamizi zito zaidi ni la kiufundi, na wanaolitoa ni mafundi wenyewe. Wanasema kuanza na plagi kunapotosha kwenye uzao wa CG125, kwa sababu ugonjwa wake mkubwa wa uzeeni ni valvu zilizobana. Injini za namna hiyo zinahitaji upenyo wa milimita 0.08 hivi kati ya mkono wa kusukuma na shina la valvu. Kiti cha valvu kikilika, upenyo unakwisha, valvu haifungi sawasawa, na joto linapoongeza urefu wa shina hali inakuwa mbaya zaidi. Pikipiki inawaka asubuhi, inafika Nkwenda, inazimwa, na haiwaki tena mpaka ipoe. Plagi itakuwa na moto mzuri na rangi nzuri, na fundi atapoteza saa nzima akisugua kabureta. Nakubali kwamba hilo hutokea. Ninachokataa ni kwamba kosa ni la desturi. Desturi kamili haikuishia kwenye rangi na cheche, ilikuwa na kidole gumba juu ya tundu, na kidole hicho kikiwekwa wakati injini ingali na joto kinagundua valvu iliyobana. Kilichotokea ni kwamba, kadiri plagi zilivyokuwa rahisi kununua, nusu ya pili ya kipimo iliachwa. Kijana anafungua, anatupa, anafunga mpya, anapiga kiki. Amebaki na umbo la desturi bila maana yake, na hapo ndipo ninapoona hasara ya kweli ya miaka hii 20.

Wengine watasema hiyo si hasara. Kama plagi, koili na CDI ni rahisi kiasi hicho, kwa nini fundi asibadilishe moja baada ya nyingine mpaka mashine iwake? Muda nao ni fedha, na dereva wa bodaboda aliyesimama hapeleki hesabu kwa mwenye pikipiki. Hoja hii ingekuwa na nguvu katika soko ambalo kifaa kipya ni kizima. Soko letu limejaa spea bandia kiasi kwamba Tume ya Ushindani imepewa kazi ya kudumu ya kuzikamata na kuziteketeza. Kubadilisha ili kupima kunategemea sharti moja: uwe na hakika kwamba ulichoweka hakina ubovu. CDI bandia ikiwekwa mahali pa CDI iliyokufa, mashine bado haiwaki, na fundi anahitimisha kuwa CDI haikuwa na shida. Anahamia kwenye koili, kisha kwenye waya, akiacha ugonjwa nyuma yake na bili ikipanda. Uhaba wa miaka ya 1980 ulimlazimisha fundi apime kwa sababu kifaa hakikuwepo. Wingi wa leo unamlazimisha apime kwa sababu kifaa hakiaminiki, na kwa kadiri ninavyoona, kishawishi cha wingi ni kikubwa zaidi, maana uhaba angalau haukumdanganya mtu.

Sasa zinaingia pikipiki zisizo na kabureta, zinazonyunyiza petroli kwa amri ya kompyuta ndogo inayopima hewa na joto. Baadhi ya watu wanaona huo ndio mwisho wa mambo yote haya. Kuna jambo litakalobadilika kweli: mashine yenye kipima hewa inaujua mwinuko wa Karagwe na kupunguza petroli yenyewe, kwa hiyo masizi meusi kwenye plagi yake hayawezi tena kusingiziwa milima. Plagi ileile, kwa rangi ileile, sasa inamtuma fundi kwenye kipima joto kinachodanganya kwamba injini ni baridi, kwenye kinyunyizio kinachovuja, au kwenye chujio la hewa ambalo halijafunguliwa tangu kununuliwa. Na ikitoka kavu, swali la kwanza halitakuwa koki bali pampu ya umeme ndani ya tanki, na nyuma yake betri, ambayo mashine za mwaka 1980 hazikuihitaji ili ziwake na nyingi ya hizi huitegemea.